Bonasi, Pointi na Kandege: Zawadi Zilizowafunga Wateja wa Meru na Embu

Gurudumu la bahati linalozunguka kwenye simu kila asubuhi, likimpa mteja megabaiti chache au pointi kumi ili kesho arudi tena, lina sura ya kitu kipya. Wanaolibuni huketi katika ofisi za Nairobi, Lagos au California na kuamini kwamba wamevumbua namna ya kumshika mtu. Lakini kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya na milima ya Nyambene, kutoka Runyenjes hadi Maua, watu wamevutwa na zawadi ya kesho kwa karibu miaka mia moja. Mambo mawili ndiyo yamebadilika: muda wa kusubiri, na nani anayeshika mizani.

Kahawa ilitangulia. Walowezi wa Kizungu walikuwa wamehakikisha kwamba Mwafrika hapandi zao hilo. Walidai angeeneza magonjwa ya mimea. Ambalo hawakulisema kwa sauti ni kwamba mtu mwenye mikahawa yake haendi kuchuma ya mwingine kwa ujira wa senti. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ililegeza kamba kidogo, ikaruhusu majaribio katika wilaya zilizokuwa mbali na mashamba ya walowezi: Meru, Embu na Kisii. Baada ya mpango wa kilimo wa Swynnerton wa mwaka 1954 miche ilienea kijiji kwa kijiji, na vyama vya ushirika vikafuata.

Zao hilo ndilo lililowafundisha watu wa hapa kusubiri malipo. Mkulima hupeleka matunda mekundu kiwandani, yanapimwa, anapewa risiti, anarudi nyumbani. Kahawa humenywa, huchachushwa, huoshwa, hukaushwa, hukobolewa, hupigwa mnada Nairobi, kisha hukatwa gharama za kiwanda, za chama na za mbolea iliyokopwa. Pesa hufika miezi mingi baadaye, na bei ya kilo hujulikana wakati huohuo. Mwaka 1989, mfumo wa kimataifa wa kugawana soko la kahawa ulipovunjika na bei kuporomoka, subira ya wengi iliisha. Wengine waling'oa mikahawa, ingawa sheria ilikataza, wakapanda mahindi na maharagwe.

Chai ilikuja na mpango wenye akili zaidi.

Mamlaka ya kuendeleza mazao maalumu iliundwa mwaka 1960, ikageuzwa kuwa KTDA, mamlaka ya kuendeleza chai, mwaka 1964, na mwaka 2000 shirika hilo likawa mali ya makampuni ya viwanda ambayo wakulima wenyewe ndio wenye hisa. Utaratibu wa malipo haukubadilika sana kupitia mageuzi hayo yote. Mkulima huchuma majani mawili na chipukizi, huyafikisha kwenye kituo cha kupimia siku hiyohiyo, na kila mwezi hulipwa kiasi cha kawaida kwa kilo. Mwaka wa hesabu ukifungwa mwezi Juni, kiwanda huangalia kilichobaki kutokana na mauzo, na wakurugenzi hutangaza kiwango cha malipo ya mwisho. Hiyo ndiyo bonasi. Kwa familia nyingi ni fungu kubwa kuliko lolote jingine la mwaka.

Ukitazama kwa jicho la mtu anayebuni michezo ya zawadi, mpango huu umesukwa vizuri kuliko mingi ya simu. Kuna malipo madogo ya mara kwa mara yanayomzuia mkulima kukata tamaa, na kuna zawadi kubwa ya mbali inayomzuia kuondoka. Anayemuuzia dalali majani yake ili apate pesa taslimu leo hujua kwamba kila kilo aliyouza pembeni haitakuwepo kwenye hesabu ya bonasi. Zaidi ya hapo, zawadi hiyo huhesabika. Mwenye risiti zake za mwaka mzima, akishasikia kiwango kilichotangazwa, huzidisha kilo kwa shilingi na kupata jibu kabla benki haijamwambia.

Na viwanda hulinganishwa. Upande wa Embu kuna Mungania na Rukuriri. Upande wa Meru kuna Imenti, Githongo, Kionyo, Kinoro, Michimikuru, Kiegoi na vinginevyo, na kila kimoja hutangaza kiwango chake. Tofauti ya shilingi chache kati ya jirani na jirani hutosha kuwasha moto katika mkutano mkuu na kumng'oa mkurugenzi. Viwanda vya mashariki ya Bonde la Ufa kwa kawaida hulipa zaidi ya vile vya magharibi, jambo ambalo huwafanya wakulima wa Kericho na Bomet wang'ake kila msimu. Wafanyabiashara wa Nkubu na Runyenjes hawahitaji kuelezwa haya: bonasi ikikaribia, mabati, magodoro na pikipiki hujaa madukani. Hata mkopo hufungwa kwenye bonasi hiyo, kwa sababu KTDA ina kampuni yake ya kukopesha, Greenland Fedha, inayowahudumia wakulima walewale.

Si kila mtu wa milima hii aliishi kwa kusubiri. Kwenye milima ya Nyambene, huko Igembe na Tigania, miraa, mmea unaotafunwa ili kuchangamsha mwili, ililipa haraka. Vichipukizi vyake hupoteza nguvu katika muda wa siku mbili hivi, kwa hiyo huchumwa, hufungwa kwa majani ya mgomba na kupakiwa kwenye magari madogo yanayokimbia kuelekea Nairobi kana kwamba yanafukuzwa. Muguka wa Mbeere, aina ya miraa inayolimwa katika kaunti ya Embu, una mwendo huohuo. Pesa huzunguka kila siku; asiyefika leo, kesho mzigo wake ni takataka. Ndiyo maana kufungwa kwa soko hapa huuma siku hiyohiyo: Uingereza ilipopiga marufuku miraa tarehe 24 Juni 2014, au kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipoukataa muguka mwezi Mei 2024 hadi Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha marufuku, waliokosa chakula cha jioni walijulikana kabla ya jioni.

Kati ya bonasi ya mwaka na pesa ya kila siku ya miraa ilikuwepo pia zawadi ndogo ya sokoni, nayo ni nyongeza. Katika soko la Gakoromone mjini Meru, kama katika masoko mengine ya Kenya, muuzaji akishapima maharagwe huongeza kiganja kimoja juu. Hakuna aliyeandika kanuni, lakini mteja anayenyimwa hujua, na wiki ijayo husimama mbele ya gunia la mwingine. Huo ndio mpango wa zawadi wa gharama ndogo kuliko yote.

Simu za mkononi zilipofika mwanzoni mwa karne hii, makampuni hayakuwa na haraka ya kumbembeleza mteja. Watu walikuwa wakipanga foleni. Safaricom iliuza muda wa maongezi kwa kadi za kukwangua, na kadi za bei ya chini zilizoitwa Bamba zilimwezesha hata mchumaji wa kibarua kupiga simu. Ushindani ndio uliobadilisha mambo. Januari 2007 Safaricom ilianzisha Bonga, pointi 1 kwa kila shilingi 10 zilizotumika, na Machi mwaka huohuo ikaleta M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu. Agosti 2010 kampuni shindani ya Zain ilishusha bei ya kupiga simu hadi shilingi 3 kwa dakika. Aprili 2011 mteja akaruhusiwa kuhamia kampuni nyingine na namba yake ileile. Kuanzia hapo, kila kampuni ililazimika kujiuliza kitakachomzuia mtu asiondoke.

Bonga haikuwa wazo jipya duniani. Nchini Marekani stempu za S&H, zilizogawiwa madukani na kukusanywa kwenye vitabu ili zibadilishwe na bidhaa, zilianza mwaka 1896, na shirika la ndege la American Airlines lilianza kuhesabu maili za wasafiri wake mwaka 1981. Lakini kwa mkulima wa Githongo, pointi zilieleweka upesi kwa sababu nyingine: zilifanana na kilo. Unatumia, unahesabiwa, unasubiri, unachukua. Wengine walizibadilisha na simu mpya, wengine na dakika za maongezi. Aprili 2020, wakati wa korona, kampuni iliruhusu pointi zilipie bidhaa madukani, na waliokuwa wamezisahau wakagundua kwamba wana unga.

Ndipo likaja jaribio lililoonyesha watu wanazichukuliaje zawadi hizi. Mwaka 2022 Safaricom ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2023 pointi zenye umri wa zaidi ya miaka 3 zingefutwa. Kwa mhasibu, pointi ni deni linalokaa vitabuni, na deni lisilodaiwa hufaa lifutwe. Kwa mteja, zilikuwa mali yake. Malalamiko yakawa mengi, na mpango ukasitishwa. Mtu aliyezoea kutunza risiti za majani chai kwa mwaka mzima hawezi kuambiwa kwa ujumbe mfupi kwamba kilo zake za zamani zimeoza.

Wakati huohuo zawadi zilikuwa zikifupishwa muda. Tunukiwa, inayopatikana kwa kubonyeza *444#, humpa kila mteja ofa yake ya siku kulingana na matumizi yake. Jirani yake anaweza kupewa nyingine kabisa. Hapo mizani ilianza kuondoka mahali inapoonekana. Mkulima anaweza kulinganisha bonasi ya Imenti na ya Githongo, lakini hawezi kujua kwa nini leo amepewa ofa hii na mwenzake ile.

Sayansi ya jambo hili ni ya zamani. Mwaka 1957 Wamarekani Charles Ferster na B. F. Skinner walichapisha kitabu kinene cha majaribio yao, mengi yakiwa juu ya njiwa wanaodonoa kitufe ili wapate nafaka. Njiwa anayelishwa baada ya muda maalumu hupumzika akishakula, kisha huongeza kasi muda unapokaribia tena. Anayelishwa baada ya midonoo isiyotabirika hapumziki, hudonoa tu. Bonasi ya chai ni ya aina ya kwanza. Mashine za kamari ni za aina ya pili, na programu nyingi za simu zimeazima kutoka kwa mashine hizo.

Meru na Embu zilizipata kwa sura zote mbili, ya chuma na ya skrini. Katikati ya muongo uliopita mashine za sarafu zilizoletwa kutoka China zilisambaa hadi kwenye vituo vidogo vya biashara nchini, zikimeza shilingi kumikumi za vijana wa boda boda na watoto wa shule, hadi serikali ilipoanza kuzikamata na kuziteketeza mwaka 2018. Kampuni ya kubashiri mechi ya SportPesa ilikuwa imeanza mwaka 2014, na jakpoti yake ya mechi 17 iliwapa kitu hata waliokosea chache, ili aliyekaribia arudi wikendi ijayo. Mbinu hiyo ya kumlipa aliyekosa kidogo ni ya ustadi mkubwa, na ndiyo hatari yake.

Mwezi Februari 2022 Wakenya wengi walipoteza pesa kwenye programu iliyojiita Amazon Web Worker, isiyohusiana na kampuni ya Amazon. Mtu aliweka akiba, akafanya kazi ndogo kila siku kwenye simu, akalipwa kamisheni kila siku. Malipo ya siku za mwanzo yalikuwa ya kweli. Ndiyo yaliyomfanya amwingize dada yake na shemeji yake. Kisha programu ikatoweka. Katika historia yote ya zawadi nchini, hakuna mfano unaoonyesha wazi zaidi kwamba malipo ya kila siku si ushahidi wa uaminifu.

Siku hizi vijana wana kandege. Hilo ndilo jina waliloupa Aviator, mchezo uliotolewa mwaka 2019 na kampuni ya Spribe kutoka Georgia. Ndege hupaa, kizidisho cha dau huongezeka kila nukta, na mchezaji lazima atoe pesa kabla haijatoweka. Mzunguko mmoja unaweza kwisha kabla hujameza mate. Kijana anayechuma muguka Kiritiri kwa kibarua cha siku anaweza kuupoteza mshahara wote akisubiri boda boda ya kumrudisha nyumbani. Tarehe 29 Aprili 2025 bodi ya kudhibiti kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, na Agosti mwaka huo Rais Ruto akatia saini sheria mpya ya kudhibiti kamari, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1966.

Sheria hiyo inahusu kamari. Haigusi sana gurudumu la asubuhi la duka la mtandaoni, wala nyota za programu ya mikopo zinazopanda mkopaji akikopa mara nyingi zaidi. Huko ndiko wabunifu walikohamia, na baadhi yao wanatoka papa hapa: Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kiko Nchiru, palipo na makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, na Chuo Kikuu cha Embu kilipata hati yake mwaka 2016. Baadhi ya wanafunzi wa vyuo hivyo walilipiwa karo kwa bonasi ya chai. Wanapotakiwa na waajiri wao watengeneze mchezo wa kumrudisha mteja kila siku, na wakubali ikiwa kazi ni halali, lakini waweke kiwango cha zawadi, tarehe ya mwisho na uwezekano wa kushinda kwenye ukurasa wa kwanza, kwa Kiswahili kinachosomeka, kabla mteja hajatoa shilingi.