Kura Baada ya 1962: Ushahidi wa Kigoma Mjini

Maandishi mengi ya siasa yetu ya Tanzania huichukulia haki ya kupiga kura kuwa safari iliyofika mwisho mwaka 1962. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959, mpiga kura alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa na serikali. Hata huyo alilazimika kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mzungu na Mwasia, la sivyo kura yake ihesabiwe kuwa imeharibika. Mwaka 1960 masharti yalilegezwa, na aliyejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza akaruhusiwa. Novemba 1962, Nyerere aliposhindana na Zuberi Mtemvu, kila raia mtu mzima alikuwa na kura. Kuhusu hatua hizi sina ugomvi na yeyote.

Ugomvi unaanza pale hesabu ya vichwa inapogeuzwa kuwa ndiyo historia nzima. Kuanzia 1965 wapiga kura wa Ujiji na Mwanga, mjini Kigoma, waliongezeka sana kuliko wale wa 1958, lakini wagombea ubunge wote wawili, wa alama ya jembe na wa alama ya nyumba, walikuwa wamepitishwa na chama kimoja, na kwa urais palikuwa na ndiyo au hapana tu. Wanaoutetea mfumo ule hukumbusha kwamba hata mawaziri waliangushwa, Paul Bomani mmojawapo. Ni kweli. Lakini kumwangusha mtu ndani ya chama si sawa na kukiangusha chama.

Kwa maoni yangu, upanuzi mkubwa uliofuata haukutoka Dodoma wala Dar es Salaam, bali katika uchaguzi mdogo wa Kigoma Mjini, baada ya vyama vingi kuruhusiwa tena. Mgombea wa CCM alitangazwa mshindi dhidi ya Dk. Aman Walid Kabourou wa CHADEMA. Kabourou alikwenda Mahakama Kuu, matokeo yakabatilishwa. Mwanasheria Mkuu akakata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikashikilia ubatilishaji huo katika hukumu iliyomo katika ripoti za sheria za 1996. Kiini kimojawapo cha shauri kilikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyoonekana kumpendelea mgombea wa CCM katika matangazo yake.

Wakosoaji watasema hiyo ni haki ya mgombea, si ya mpiga kura. Wasome ramani. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Kigoma kwa reli. Kwa mchuuzi wa dagaa pale Kibirizi, redio ya taifa ndiyo iliyokuwa njia kuu ya kusikia habari za nchi yake. Redio ile ikiegemea upande mmoja, anayenyimwa ni yeye kwanza: anaingia kituoni na kadi yake halali, akiwa amesikia nusu ya maneno. Mahakama, kwa kudai uchaguzi uwe huru na wa haki, ililinda kile anachohitaji mpiga kura kabla hajaishika karatasi ya kura. Mwaka 1995 Kabourou alishinda ubunge wa jimbo hilohilo.

Sidai kwamba hukumu moja ilibadilisha tabia ya dola. Sheria iliwahi hata kumtaka mlalamikaji wa uchaguzi kuweka dhamana ya shilingi 5,000,000, kiasi kilichowafungia mlango wananchi wa kawaida, mpaka Mahakama ya Rufani ilipokifuta mwaka 2002 katika shauri la Julius Ndyanabo. Naliona shauri hilo kuwa ndugu wa lile la Kigoma, na yote mawili yana uzito zaidi kuliko marekebisho mengi ya umri wa kupiga kura na daftari la wapiga kura. Sharti la pauni 150 lilimzuia maskini kupiga kura. Sharti la milioni tano lilimzuia kuitetea.

Ukomo wa njia hii uko wazi katika Katiba yenyewe. Mchuuzi wa Kibirizi anaweza kufungua shauri kupinga matokeo ya ubunge katika jimbo alilopigia kura. Ya urais, yakishatangazwa na Tume ya Uchaguzi, Ibara ya 41(7) inazuia mahakama yoyote kuyachunguza.