Moto wa Kuomba kwa Jirani

Siku hizi watu wanaopenda safari huulizana kama inafaa kutoa fedha nyingi kununua kifaa kidogo cha kuwashia moto, cha kuwekwa mfukoni kungojea siku ya dharura. Vifaa hivyo vipo vya namna nyingi. Kuna kijiti cha chuma ambacho ukikikwangua kwa kisu hurusha cheche. Kuna viberiti vya gesi ambavyo upepo hauvizimi. Na kuna vingine vya umeme vinavyochajiwa kama simu. Bei ya kimoja tu kati ya vile vya fahari yaweza kumtosha mama wa kijijini kununua viberiti vya kawaida kwa miaka kadhaa. Mimi swali hili nalitazama kutoka Nyakisasa, wilayani Ngara, kwa sababu sehemu zetu hizo zimepata kukosa kiberiti, tena zimepata kuiona dharura yenyewe kwa macho.

Kiberiti ni kitu kichanga. Jina lake tumelipata kwa Waarabu, nao kwa neno hilo humaanisha salfa, yale madini ya manjano yanayonuka yakiungua. Njiti za kuwasha kwa kusugua zilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1827 na muuza dawa mmoja aitwaye John Walker, na zile za salama, zinazowaka kwenye ubavu wa kisanduku chake, zilitengenezwa Sweden katikati ya karne hiyo. Speke na Grant walipopita Usui mwaka 1861, katika nchi ambayo sasa ni Biharamulo, wakamwagwa jasho na hongo ya mtemi Suwarora, kwao Ulaya njiti hizo zilikuwa zikiuzwa madukani. Huku kwetu milimani moto ulikuwa ukipatikana kwa njia nyingine.

Njia gani? Msomaji atajibu upesi: kwa kupekecha. Ni kweli. Kijiti cha mti mgumu husimamishwa katika kitobo cha kipande cha mti laini, kikazungushwa kwa viganja viwili, mikono ikishuka na kupanda, hata unga mweusi utoke, ufuke moshi, kisha uwe kaa dogo kama punje. Kaa hilo hutiwa katika nyasi kavu zilizofikichwa na kupulizwa kwa upole. Kazi hiyo hutoa malengelenge, na wakati wa masika inaweza kumshinda hata fundi. Lakini ukiwasikiliza wazee utagundua kwamba kupekecha hakukuwa jambo la kila siku. Mtu angeweza kuishi mwezi mzima pasipo kupekecha hata mara moja, kwa sababu moto hawakuwa wakiutengeneza, walikuwa wakiutunza.

Jioni mama alifukia kijinga katika majivu, na asubuhi alikifukua, akaweka majani makavu ya migomba, akapuliza. Ukizimika, mtoto alipewa kigae akatumwa kupalia moto kwa jirani. Wenye ng'ombe walikuwa na moto mwingine zizini, ule ambao Warundi na Wanyarwanda huuita igicaniro, unaofuka usiku kucha na kufukuza wadudu. Hata watawala wa nchi hizi waliuona moto kwa namna hiyo hiyo. Huko Buganda moto wa langoni mwa ikulu huwaka muda wote Kabaka awapo hai, na anapofariki watu hutangaziwa kwamba moto wa Buganda umezimika. Rwanda nako masimulizi yanasema kwamba moto wa Gihanga, mwanzilishi wa ufalme, ulitunzwa katika makazi ya wafalme kizazi baada ya kizazi. Nadhani mtu hawezi kuufanya moto kuwa alama ya ufalme kama anaweza kuuwasha wakati wowote kwa kidole gumba.

Kiberiti kilipoenea, utunzaji huo ulilegea. Ndipo ikaja miaka ya shida. Vita vya Kagera vilianza Oktoba 1978, na majeshi yetu yaliingia Kampala Aprili 1979. Baada ya hapo nchi ikabaki na madeni, mafuta yakiwa ghali, na viwanda vikikosa fedha za kigeni za kuagiza malighafi. Tulikuwa na kiwanda chetu cha viberiti kule Moshi, lakini kutoka Moshi hadi Ngara ni mbali, na katika miaka ya mwanzo ya themanini bidhaa zilipungua kadiri barabara ilivyorefuka. Sabuni, chumvi, mafuta ya taa, kiberiti: vyote vilipangiwa foleni. Mwaka 1983 serikali iliendesha msako wa wahujumu uchumi, na mafichoni vikatolewa vitu ambavyo leo mtoto angecheka kusikia kwamba vilifichwa.

Katika siku hizo njiti moja ilipasuliwa kwa wembe ikawa mbili. Koroboi iliwashwa kwa ukuti uliochomwa mekoni. Na vigae vikarudi kazini! Watoto waliozaliwa zama za kiberiti walijifunza kutembea njiani na makaa bila kukimbia, maana ukikimbia yanadondoka, na ukichelewa yanafifia. Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 ina mengi ya kulaumiwa, lakini katika jambo hili iliwasaidia watu: nyumba zilikuwa zimesogezwa karibu, na moto wa jirani haukuwa mbali. Sijasikia kwamba kuna kaya iliyolala njaa kwa kukosa njiti. Kaya zililala njaa kwa kukosa cha kupika.

Dharura kubwa kuliko hiyo ilikuja mwaka 1994. Tarehe 28 Aprili watu walianza kumiminika katika daraja la Rusumo wakitoka Rwanda, na kwa muda wa siku moja hivi walivuka takriban laki mbili na nusu. Wakawekwa Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni ya Kitaliano iliyokuwa imejenga barabara. Ilikuwa ni masika. Watu walilala chini ya mvua, na baadaye chini ya vipande vya turubai, wakiwa na watoto, wazee na wagonjwa. Kama kuna mahali pa kukipima kifaa cha mfukoni cha kuwashia moto, ni hapo.

Basi ni nini kilichowakosesha moto? Si cheche. Mtu mmoja mwenye kiberiti kikavu aliwatosha mamia, kwani moto haupungui ukigawiwa. Walichokosa kwanza ni kitu kikavu cha kuushika, na baada ya wiki chache walikosa kuni. Vilima vilivyokuwa na miti vikabaki vipara. Wanawake na watoto wakawa wanatembea kilometa nyingi, na wenyeji wakaona pori lao likiondoka vichwani mwa wageni. Chakula cha msaada kilikuwa mahindi na maharage makavu, ambayo yakipikwa vivi hivi hukaa jikoni saa nyingi. Kwa hiyo mafunzo yaliyofaa yalikuwa ya namna hii: loweka maharage tangu jana, saga mahindi, funika chungu, jenga jiko la udongo, pasua kuni na uzikaushe. Mambo hayo yaliokoa miti na miguu. Kambi za Wanyarwanda zilifungwa mwishoni mwa mwaka 1996, lakini vile vilima vilichukua muda mrefu zaidi kupata nafuu.

Sisemi kwamba kijiti cha cheche ni upuuzi. Chuma chake kilibuniwa na Carl Auer von Welsbach wa Austria mwaka 1903, ni kile kile kilichomo katika jiwe la kiberiti cha gesi, na kina sifa ambayo njiti haina: ukikitumbukiza mtoni, ukakifuta, kinafanya kazi. Dereva anayelala porini au mlinzi wa hifadhi ya Burigi-Chato hatapoteza kitu akiwa nacho, ilimradi anunue kile rahisi, kwa sababu cha bei kubwa kinarusha cheche zile zile. Vile vya umeme mimi sivitaki kabisa. Kifaa cha dharura kinachohitaji kuchajiwa kitakufa siku ile ile ambayo tochi na simu zimekufa.

Na hata hicho rahisi kinatoa cheche tu, nayo cheche juu ya kuni mbichi ni pambo. Ndiyo maana mwenye safari ya masika ningemshauri afanye kama mafundi baiskeli wetu: akate vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli iliyochakaa, avifunge pamoja na kiberiti cha kawaida ndani ya chupa ya plastiki yenye kifuniko kinachobana. Mpira huo huwaka hata ukilowa, na hudumu vya kutosha kukausha vijiti vya kwanza. Moshi wake ni mweusi na unanuka vibaya, kwa hiyo chai isitelekwe mpaka uishe.