Klasiki, au Uyunani na Rumi?

Katika vyuo vikuu kama Oxford na Ibadan imo idara inayofundisha Kigiriki cha kale na Kilatini, pamoja na historia, falsafa, sheria na akiolojia ya watu waliozisema lugha hizo. Kwa Kiswahili jina lililo jepesi kuitolea ni klasiki, na neno likishatoholewa wengi huona shauri limekwisha. Halijaisha. Kwa Kilatini, classicus alikuwa raia wa daraja la kwanza, mwenye mali nyingi katika sensa ambayo Warumi waliinasibisha na mfalme wao Servius Tullius. Katika karne ya 2 BK, Aulus Gellius aliandika kitabu ambamo sifa hiyo inatoka kwa tajiri na kuhamia kwa mwandishi: yuko mwandishi wa daraja la juu, na yuko kabwela. Jina la somo basi limekwisha kutoa hukumu kabla mwanafunzi hajafungua ukurasa. Tena halisemi ni ustaarabu wa nani, maana Wachina na Wahindi nao wana maandishi ya kale wanayoyaenzi. Jina “elimu ya kale” nalo ni pana mno. Misri na Aksum zimo humo.

Naona jina linalofaa ni Taaluma ya Uyunani na Rumi. Ugiriki ni dola ya leo yenye bunge lake, na Roma ni mji mkuu wa Italia, kwa hiyo anayeyatumia majina hayo hulazimika kuburuta “ya kale” kila sentensi. Uyunani na Rumi tayari vinamrudisha msomaji nyuma. Atakayepinga atasema maneno haya yananukia kanisa, kwa kuwa Wayunani na Warumi tumewazoea katika Biblia. Lakini yametufikia kwa Kiarabu, na Waislamu wanayo sura ya Warumi katika Kurani. Pingamizi zito zaidi ni kwamba Yunani limetokana na Waionia, kundi moja tu la Wagiriki. Ni kweli, ila hata Graeci ni jina walilopewa na Warumi. Wenyewe walijiita Wahelene. Na kama Rumi ya Waarabu ilikuwa hasa Konstantinopoli, watu wa huko nao walijiita Warumi.

Yupo pia atakayeuliza kwa nini tuhangaike na jina la somo la mbali. Si la mbali hivyo: falsafa na kanuni ni maneno ya Kiyunani yaliyopitia Kiarabu, na mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1 BK, ulioandikwa kwa Kiyunani, unautaja mji wa biashara wa Rhapta katika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Historia ya pwani hiyo haiandikiki bila mtu wa kuusoma mwongozo huo. Wahariri wa kamusi na waliingize jina hili. Klasiki ibaki kwenye muziki.