Polima za kunasa kaboni dioksidi

Polima za kunasa kaboni dioksidi ni maada za molekuli ndefu zinazotengenezwa ili kuitenga hewa ukaa (CO₂) na gesi nyingine. Hufanya kazi katika mazingira mawili yasiyofanana. Moshi wa mtambo wa umeme unaochoma makaa ya mawe huwa na CO₂ kiasi cha asilimia 12 hadi 15. Hewa tunayovuta ina asilimia 0.04 hivi, yaani molekuli 420 na ushei katika kila milioni. Polima inayofaa kwenye dohani huenda isifue dafu kwenye hewa ya kawaida.

Kazi hii ilianza kwa vimiminika. Mwaka 1930 R. R. Bottoms alipewa hataza nchini Marekani ya kusafisha gesi kwa amini, kampaundi za nitrojeni zinazoshikana upesi na CO₂. Njia hiyo ingali hai viwandani, lakini amini huchanganywa na maji mengi, na ili gesi iliyonaswa iachiliwe, mchanganyiko mzima hupashwa hadi nyuzi 120 za Selsiasi hivi. Sehemu kubwa ya nishati huishia kwenye maji. Isitoshe, amini hula vyuma. Ndiyo sababu wakemia walianza kuzifunga amini kwenye kitu kigumu.

Polima iliyochunguzwa kuliko zote ni poliethilinimini, ambayo huandikwa PEI. Karibu theluthi ya uzito wake ni nitrojeni, kwa hiyo nafasi za kushikia CO₂ zimejaa tele. Tatizo ni kwamba ni nzito kama asali, na gesi haifiki ndani yake kwa urahisi. Mwaka 2002 kundi la Chunshan Song katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania liliieneza ndani ya vitundu vidogo mno vya silika na kuiita maada hiyo kikapu cha molekuli. Mwaka 2011 kundi la George Olah, mshindi wa Nobeli ya kemia ya 1994, lilionyesha kuwa PEI iliyopakwa kwenye silika laini hunasa CO₂ hata kutoka hewani. Unyevu, ambao huziharibia kazi zeoliti (madini yenye vitundu yanayonasa gesi), hapa ni msaada: katika ukavu CO₂ moja huhitaji vikundi viwili vya amini, ilhali penye maji kimoja chaweza kutosha. Adui wa PEI ni oksijeni, hasa ikikutana na joto. Amini huoksidika na uwezo wa kunasa hupungua.

Klaus Lackner, aliyefanya kazi hii Chuo Kikuu cha Columbia kisha Arizona State, aliliepuka joto kabisa. Resini anayotumia, nayo ni polima, hunasa CO₂ ikiwa kavu na kuiachia ikiloweshwa. Hilo ni wazo zuri, ila lahitaji maji, nalo hufaa zaidi penye hewa kavu, ambako aghalabu maji ni adimu.

Tando za polima hazinasi kitu, hupitisha. Zile za selulosi asetati zimetenga CO₂ na gesi asilia tangu miaka ya 1980, kwa kuwa CO₂ hupenya upesi kuliko methani. Mwaka 1991 Lloyd Robeson alionyesha kikwazo cha tando hizo: utando unaopitisha gesi kwa wingi huchagua vibaya, na unaochagua vizuri hupitisha kidogo. Mwaka 2004 Peter Budd na Neil McKeown wa Manchester walitangaza PIM-1, polima yenye mnyororo mgumu uliopinda, usioweza kujipanga ukabanana, hivyo mianya hubaki wazi. Hata hivyo mianya hiyo husinyaa kadiri utando unavyozeeka. Matokeo yaliyopimwa kwenye utando mpya peke yake yasomwe kwa tahadhari.

Mwaka 2024 kundi la Omar Yaghi huko Berkeley lilieleza COF-999, polima yenye mpangilio wa fuwele na amini ndani ya vitundu vyake. Huachia CO₂ kwa nyuzi 60 tu, na ilihimili mizunguko 100 ya hewa ya mji huo bila kuchoka. Yaghi alishiriki Nobeli ya kemia ya 2025.

Hata nyuzi 60 zahitaji joto, na chanzo chake chaweza kuwa na uzito zaidi kuliko maada yenyewe: joto likitokana na makaa, faida hupungua. Kampuni ya Climeworks iliweka mitambo yake ya Orca (2021) na Mammoth (2024), yenye vichujio vya amini, penye jotoardhi la Hellisheiði nchini Iceland, na gesi hugeuzwa jiwe ndani ya miamba ya basalti. Bonde la Ufa nchini Kenya lina jotoardhi na basalti vilevile, na kampuni ya Octavia Carbon ya Nairobi inalenga kuvitumia. Mammoth ilibuniwa kunasa tani 36,000 kwa mwaka. Uchomaji wa fueli za kisukuku duniani hutoa zaidi ya tani bilioni 35 kwa mwaka.