Baragumu ya Siku ya Upatanisho: Habari za Maungamo ya Gahini

Katika Torati mwaka wa jubilei haukutangazwa siku yo yote tu. Ukiisoma sura ya 25 ya Kitabu cha Walawi, utaona ya kuwa baragumu ilipigwa siku ya kumi ya mwezi wa saba, ndiyo Siku ya Upatanisho, siku ile ile ambayo kuhani mkuu aliweka mikono yake juu ya kichwa cha mbuzi na kuyaungama makosa yote ya Israeli. Kwanza dhambi ilitajwa. Ndipo mtumwa alipoachiliwa na shamba kurudi kwa mwenyewe. Kwa hiyo, katika kijitabu hiki ambamo wengine wameandika habari za majengo, na za shule, na hesabu ya waliobatizwa, sisi walimu wa kanisa tumeona vema kuandika habari ya maungamo: jinsi watu wa nchi hizi za Maziwa walivyojifunza kusema kweli juu ya dhambi zao, na jinsi walivyotoka katika hukumu.

Si kwamba kabla ya siku zile hapakuwa na maungamo. Kila Jumapili watu walipiga magoti, wakasema pamoja maneno yaliyomo katika Kitabu cha Sala, wakainuka. Lakini neno lisemwalo na wote pamoja laweza kumficha mtu mmoja, kama msitu umfichavyo mnyama. Mwizi na aliyeibiwa walisema maneno yale yale, kwa sauti moja. Tena kwa wazee wetu aibu ilikuwa jambo kubwa. Neno la nyumbani halikutolewa nje, wala mtu mzima hakujishusha mbele ya vijana. Ukristo ulipoingia haukuiondoa desturi hiyo. Uliivika kanzu nyeupe tu.

Gahini ni kilima karibu na ziwa Muhazi, mashariki ya Rwanda. Misioni ilianza kazi pale mwaka 1925, na mwaka 1928 akaja Joe Church, tabibu kijana Mwingereza. Mara njaa kuu ikaikumba nchi, mwaka 1928 na 1929, na watu wakafa njiani wakitafuta chakula. Tabibu akachoka mwili na roho. Septemba 1929 alikuwako Kampala, na kilimani Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa amefanya kazi ya afya katika serikali. Siku mbili waliketi na Biblia, Mzungu na Mwafrika, wakaomba kama wahitaji wawili. Wengi husema kwamba huo ndio mwanzo wa uamsho.

Lakini sisi twapenda zaidi habari ya Yosiya Kinuka. Huyu alikuwa mtu wa Ankole, mkuu wa watumishi wa hospitali ya Gahini. Kazi haikumpendeza, na manung'uniko yake yalikuwa mengi. Mapema katika miaka ya 1930 alikwenda Kampala kumtembelea Nsibambi. Nsibambi akamwuliza habari za hospitali, naye Kinuka akaufungua mzigo wote wa lawama. Nsibambi akasikiliza hata mwisho, kisha akamwonyesha ya kuwa ugonjwa wa hospitali ile ulianzia moyoni mwake yeye mwenyewe. Neno hilo lilimchoma. Alikwenda nalo njiani, na katika safari ya kurudi ndipo alipojitoa kwa Kristo. Wenzake walipomwona walijua kwamba mtu mwingine amerudi. Angalieni, ndugu wasomaji: hakupewa sheria mpya ya kazi. Aliacha tu kuwahesabia wenziwe makosa, akalitaja la kwake. Mficha maradhi kifo humwumbua. Na hapo mwenye maradhi alikuwa mkuu wa wauguzi!

Blasio Kigozi, ndugu yake Nsibambi, alikuwa mwalimu huko huko Gahini. Mwishoni mwa Desemba 1933 ulifanyika mkutano wa Wakristo, na katika maombi ya siku ya mwisho mtu mmoja akasimama akaungama dhambi yake. Ikawa kama ukuta umebomoka. Kwa muda wa saa mbili na zaidi watu walisimama, pengine wawili au watatu kwa mara moja. Baada ya hayo, katika Rwanda, na Kigezi, na Ankole, watu walirudisha vitu vya wizi, wakalipa madeni, wakawaendea adui zao kuomba msamaha. Wamisionari wengine nao waliungama kiburi cha rangi mbele ya Waafrika. Na jambo hilo, kwa maoni yetu, lilikuwa gumu kuliko kurudisha ng'ombe. Blasio alifariki Januari 1936, kabla ya kuyasema mbele ya Sinodi ya Uganda yaliyokuwa moyoni mwake. Lakini neno lake, Zukuka, yaani Amka, likawa mwito wa Kanisa lile katika jubilei yake ya mwaka 1937.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulikosea. Hudhani ya kuwa uhuru watoka katika kusema. Sivyo, mshtakiwa hukiri mbele ya hakimu, naye hufungwa. Tazameni usiku wa mateso ya Bwana. Petro alimkana, Yuda akamsaliti. Yuda aliungama waziwazi, hata fedha alizirudisha, na neno alilolisema lilikuwa kweli tupu. Lakini aliungama kwa wakuu wa makuhani, watu wasiokuwa na msamaha wa kumpa, nao wakamwambia kwamba hayo ni shauri lake. Akaenda akajinyonga. Petro alilia tu. Kisha alikutwa kando ya ziwa na Yule aliyemkana, akaulizwa juu ya upendo wake, akapewa kondoo awachunge. Tofauti yao haikuwa katika uzito wa kosa, wala katika ukweli wa kinywa, ila katika yule waliyemwendea. Ndiyo maana Paulo, baada ya kilio chake cha sura ya 7 ya Warumi, aweza kuianza sura ya 8 kwa kutangaza kwamba hukumu imekwisha kwa walio katika Kristo. Maana hukumu yenyewe ilikwisha kumwangukia Mwana. Mtu akijua hayo hana sababu ya kuficha tena. Ndugu wa Gahini waliita maisha hayo kutembea nuruni, kwa kufuata Waraka wa kwanza wa Yohana.

Mwaka 1939 habari hii ilifika Katoke, upande wa Bukoba, penye chuo cha walimu. Na katika miaka ya 1940 Festo Kivengere wa Kigezi alikuja Dodoma kufundisha shule, akiwa na ushuhuda ule ule.

Wala tusifiche ubaya uliofuata. Mwaka 1941, katika chuo cha Askofu Tucker huko Mukono, wanafunzi walioamka alfajiri kuomba na kuhubiri dhidi ya dhambi za wenzao walikatazwa na wakuu; hawakutii, na 26 wakafukuzwa, mmoja wao William Nagenda. Wakuu waliona majivuno, wanafunzi waliona baridi; na sisi twadhani kwamba kila upande uliona sawasawa dhambi ya upande wa pili. Hata hivyo ndugu hawakujitenga na Kanisa. Baadaye pengine ushuhuda uligeuka kuwa kama kodi: asiyekuwa na dhambi mpya ya kusimulia alihesabiwa kuwa amelala. Tena wengine walitaja mbele ya watu wote mambo yaliyompasa mume kumwambia mkewe peke yake, na nyumba zikavunjika bila faida. Hapo watu walirudi kwa makuhani wa Yuda.

Na katika nchi ile ile ya Gahini, tangu Aprili hata Julai 1994, waliobatizwa waliwaua waliobatizwa, mamia ya maelfu, na wakuu wengi wa makanisa walinyamaza. Walikuwako Wakristo waliowaficha jirani zao, na wengine wakafa kwa ajili yao. Lakini yaliyoungamwa na baba mwaka 1933 hayakumlinda mjukuu ambaye hakuungama chuki yake mwenyewe.

Katika mahakama za gacaca, zilizofungwa mwaka 2012, aliyekiri alipunguziwa adhabu. Mahakama haina zaidi ya hilo la kutoa. Wako wajane waliotoa zaidi: waliwasamehe waliowaua waume zao, nao huketi nao kanisani.