Shing'weng'we na Ajuza: Simulizi ya Wasukuma na Mauaji ya Wanyonge

Karibu kila taifa lina simulizi za viumbe wa kutisha ambao jicho la mwanadamu halijapata kuwaona. Maandiko ya Agano la Kale yanamtaja Lewiathani. Waswahili wa pwani wana nunda mla watu. Wasukuma wa Shinyanga, Mwanza na Geita wana Shing'weng'we. Katika makala hii tunakusudia kuitazama simulizi ya Shing'weng'we, undugu wake na simulizi nyingine, na matumizi yake katika mafundisho ya Kikristo. Tunakusudia pia kuonyesha kwamba ndani yake mna neno ambalo Kanisa la Kanda ya Ziwa linalihitaji sana, yaani neno juu ya kikongwe anayeshukiwa uchawi.

Simulizi na ndugu zake

Husimuliwa kwamba Shing'weng'we aliwameza watu wote wa dunia pamoja na mifugo yao. Alisalia mwanamke mmoja mja mzito, aliyejificha katika makapi. Akamzaa Masala Kulangwa, jina linalobeba maana ya akili na ufahamu. Kijana alipokua aliuliza kwa nini wako wawili tu, na mama yake akamweleza. Basi akatoka kuwinda. Alileta panzi, akauliza kama ndiye Shing'weng'we; mama akasema siye. Akaleta ndege, kisha swala; jibu likawa lile lile. Mwishowe alilikuta zimwi lenyewe, akaliua na kulipasua tumbo, na watu wote wakatoka wakiwa hai. Lakini kisu chake kilikata sikio la ajuza mmoja aliyekuwamo tumboni. Ajuza akakasirika, akamtukana, hata akajaribu kumroga. Masala Kulangwa hakumuua. Alitafuta dawa akamponya. Ndipo watu wakamfanya mtemi wao.

Simulizi hii ina ndugu wengi. Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya Unguja alichapa mwaka 1870 hadithi ya Sultani Majnuni, ambamo mwana mdogo wa sultani huleta mnyama baada ya mnyama, na mama yake hukana kila mara mpaka nunda mwenyewe auawe. Mmisionari Mfaransa Eugène Casalis, katika kitabu chake cha mwaka 1859 juu ya Wasotho, aliisimulia habari ya zimwi Kammapa na kijana Litaolane. Hapo nako kisu kinawachoma waliomo tumboni, nao wanapiga kelele. Bali mwisho wake ni tofauti: Litaolane anachukiwa na wale wale aliowaokoa, nao wanamuua. Msimuliaji wa Kisukuma alichagua njia nyingine. Kwake uadui baina ya mwokozi na aliyejeruhiwa unamalizwa kwa uponyaji.

Matumizi katika mafundisho ya Kanisa

Wakristo hawakukawia kuona katika simulizi za namna hii mfano wa kazi ya Kristo. Katika karne ya 4 Gregori wa Nisa alifundisha kwa mfano wa ndoana: Shetani aliumeza ubinadamu wa Kristo kama chambo, akanaswa na uungu uliofichika ndani yake. Luther naye alipenda kusema juu ya mauti iliyomezwa, na mwaka 1930 Gustaf Aulén, mwanateolojia Mlutheri wa Sweden, aliifufua picha hiyo ya Kristo mshindi. Huku kwetu, mapadre Joseph Healey na Donald Sybertz wa shirika la Maryknoll, katika kitabu chao cha mwaka 1996 juu ya teolojia ya masimulizi ya Kiafrika, walimweka Masala Kulangwa miongoni mwa mifano ya Kristo kwa Wasukuma.

Mfano huu ni mzuri, ila mhubiri hushawishika kuishia pale watu wanapotoka tumboni kwa shangwe. Ajuza na sikio lake husahauliwa. Kwa Shinyanga na Geita, kusahau huko kuna hatari.

Ajuza wa Usukuma

Mwanazuoni Simeon Mesaki ameonyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa nchini kwa kushukiwa uchawi. Zaidi ya nusu yao walikuwa wa Usukuma, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Macho mekundu yalihesabiwa kuwa ushahidi, ijapokuwa moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe katika jiko lisilo na dohani watosha kuyafanya mekundu. Nyuma ya tuhuma mara nyingi palikuwa na mtoto aliyekufa kwa ugonjwa, au shamba la mjane lililotamaniwa na ndugu. Kuanzia mwaka 2007 zilienea pia habari za mauaji ya watu wenye ualbino, kwa imani kwamba viungo vyao huleta bahati katika uchimbaji wa dhahabu na uvuvi. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mtoto mwenye ualbino. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli. Mwezi uliofuata mtoto mchanga mwenye ualbino alinyakuliwa kwa mama yake huko Chato, mkoani Geita, akauawa. Mwaka huo huo, mwezi Novemba, wachimbaji watano walitolewa hai katika machimbo ya Nyangalata, Kahama, baada ya siku 41 chini ya ardhi. Tumbo la ardhi liliwarudisha watu. Mikono ya watu ilikuwa imemmeza mtoto.

Wauaji hudai kwamba wanailinda jamii na kushika mila. Simulizi ya wazee wao yawakanusha mara mbili. Kwanza, mama anasema siye. Anamzuia mwanawe asimhesabu kiumbe mdogo kuwa ndiye adui. Pili, ajuza wa simulizi alijaribu kuroga kweli, wala hakuuawa, bali aliponywa. Ikiwa mwenye hatia alitafutiwa dawa, je, itakuwaje kwa asiye na hatia yo yote?

Wito kwa watumishi

Simulizi si Injili, wala Masala Kulangwa si Kristo. Hata hivyo Mwinjili Luka anatueleza kwamba usiku ule wa kukamatwa kwake Bwana aligusa sikio la mtumwa wa kuhani mkuu, lililokatwa kwa upanga wa mwanafunzi wake, akamponya (Luka 22:50-51). Luther naye, alipoieleza amri ya tano katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, hakuishia katika kukataza kuua. Alidai tumsaidie jirani katika mahitaji yote ya mwili wake.

Basi mchungaji wa Usukuma ana kazi mbili. Matangani, watu wanaponong'ona jina la aliyesababisha kifo, aseme waziwazi kama yule mama: siye. Na baada ya maziko asirudi nyumbani mpaka amepita kwa kikongwe aliyetajwa, aketi naye, aombe naye, na kuwaomba wazee wa mtaa wamjengee jiko lenye dohani. Huko nako ni kuhubiri ufufuo.