Debe Tupu: Historia ya Mabaki Mtaani Kwetu na Kikundi Chetu

Tulipopewa kurasa hizi tuandike historia ya kikundi, tulianza kama kawaida ya vitabu kama hivi: siku ya kwanza, viongozi wa kwanza, michango ya kwanza. Nyanya mmoja aliye mwanachama wetu, aliyezaliwa hapa hapa Majengo, akatusimamisha. "Mbona mnaanzia 2015? Biashara yenu ni ya mabaki, na mabaki ya mtaa huu yana umri kuwashinda nyote." Tukaona kweli. Basi tunaanzia kwenye debe.

Pumwani, ambayo wengi wetu twaiita Majengo, ilianza mapema katika miaka ya 1920. Serikali ya kikoloni iliwahamishia hapa Waafrika waliokuwa wakikaa vijiji vya Nairobi kama Mombasa, Maskini na Kileleshwa. Wale wa Pangani walibaki kwao mpaka kijiji kikabomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930. Watu walipewa viwanja, nyumba wajijengee wenyewe. Kuta zilikuwa za miti na udongo, hilo halikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa paa. Bati jipya lilikuwa ghali, nyasi zilikuwa mbali, na hakuna benki iliyokuwa na habari na mwanamke wa Kiafrika anayetaka kuezeka.

Lakini mafuta ya taa yalikuwa yakiuzwa katika madebe ya pembe nne, galoni 4 kila moja, yaani lita 18 hivi. Mafuta yakiisha, debe linabaki. Watu wakalikata, wakalikunjua, wakaligonga likawa bapa, wakapanga moja juu ya jingine kama magamba ya samaki. Hayo ndiyo mapaa ya Majengo ya kwanza. Wenye nyumba wengi walikuwa wanawake, waliotoka pembe zote za nchi, na vyumba walivyovipangisha ndivyo vilivyowalea wao na watoto wao. Methali yasema debe tupu haliachi kuvuma. Hapa kwetu halikupata nafasi hiyo, lilikuwa limeshapigwa misumari juu ya paa, labda mvua inyeshe.

Na halikuishia paani. Debe lilichotewa maji kisimani, lilitobolewa likawa jiko, lilipimiwa mahindi. Mpaka leo mahindi yanauzwa kwa debe hata pale ambapo debe lenyewe halipo, na mwanasiasa akitaka kura tunampigia debe. Gorogoro nalo ni vivyo hivyo, mkebe wa kilo 2 uliokuwa na mafuta ya kupikia. Mama mboga anayepima maharagwe kwa mkebe wa Kasuku anafanya kazi na taka ya kiwanda, ila hakuna anayeiita taka.

Kumbe hapo ndipo lilipo jambo tunalotaka kusema. Debe tupu mwanzoni lilikuwa la bure, au karibu na bure. Watu walipolihitaji kwa wingi, likawa na bei, na mwenye duka akaanza kuyaweka kando ayauze. Kitu kikishapata mnunuzi hakiitwi taka tena. Sisi tulilijua hilo tukiwa tumechelewa, na lilitugharimu.

Tuvuke barabara kidogo, twende Kamukunji. Kelele za nyundo za pale mnazijua, zinasikika kabla hujawaona watu. Mafundi hupokea mapipa matupu kutoka viwandani, wakayafungua kwa patasi, wakayanyoosha, wakatoa masanduku ya wanafunzi, makarai, mikokoteni na majiko. Waliitwa jua kali kwa sababu walipigwa na jua mchana kutwa bila hata kibanda, na juu ya jua kulikuwa na askari wa jiji. Kwa miaka mingi wakubwa waliwaona kama uchafu wa kuondolewa. Mwaka 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani waliokuja Kenya wakaandika kwamba kazi ndogo ndogo kama hizi zinaajiri watu na zinafaa kusaidiwa badala ya kufukuzwa. Ripoti ni karatasi, ilichukua muda kufika mtaani. Ilikuwa katikati ya miaka ya 1980 ndipo Rais Moi alipowatembelea Kamukunji, na mafundi wakajengewa vibanda. Mwaka 1992 serikali ikatoa waraka rasmi kuhusu biashara ndogo na jua kali, jina la mzaha likaingia katika vitabu vya serikali.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1980 lilitoka jiko ambalo kila mmoja wetu analo: kiuno chembamba, bati nje na udongo wa kuchomwa ndani. Wazo lilichukuliwa kutoka majiko ya Thailand, lakini bati lake lilikuwa la hapa hapa, mabaki ya mapipa, na Shauri Moyo palikuwa mahali pa mwanzo palipotengenezwa kwa wingi. Linakula makaa machache kuliko lile la bati tupu. Kwa hiyo taka ya kiwanda imepunguza makaa jikoni. Hesabu kama hiyo mama yeyote anaielewa bila mwalimu.

Ila tusisifu tu. Baadhi ya mapipa yale yalibeba kemikali, na wanaoyaosha na kuyachoma ndani ni vijana wasio na glovu. Tena fundi wa mabaki haamui mabaki yake yatoke wapi. Januari 2022, baada ya nguzo na nyaya za umeme kuharibiwa, serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu nchi nzima, na zuio likakaa mpaka Mei. Wezi wa nyaya hatuwatetei. Lakini wanachama wetu wawili wameolewa na mafundi wa Kamukunji, na miezi ile michango yao tuliisamehe, kwa sababu nyundo zilikuwa zimelala.

Gikomba ni habari nyingine na tutaipita haraka, maana mnaijua kutuzidi. Mitumba ilifurika tangu soko lilipofunguliwa mapema miaka ya 1990. Robota likifunguliwa, nguo nzuri kabisa huitwa kamera, na ile ya mwisho kabisa ni fagia. Fagia nayo haitupwi. Nyingine inakatwa matambara ya kufutia mashine gereji, nyingine inajaziwa mito. Na mafundi cherehani wanaopunguza suruali na kugeuza magauni wanaacha vipande chini, vilima vya vipande. Vikumbukeni vipande hivyo.

Sasa tuje kwetu. Tulianza Februari 2015 tukiwa wanawake 14, shilingi 100 kila wiki. Nusu tuliizungusha, leo mama huyu, wiki ijayo yule, na nusu tuliiweka sandukuni. Sanduku lenyewe ni la Kamukunji, lina kufuli 3 na wenye funguo 3 tofauti. Ukiinua kifuniko chake, kwa ndani bado unasoma nusu ya jina la kampuni ya mafuta.

Biashara yetu ya kwanza ilikuwa mikoba ya kufuma kwa mifuko ya plastiki, zile juala za sokoni. Tuliziokota, tukaziosha, tukazianika kama nguo, tukazikata utepe mmoja mrefu, tukafuma kwa sindano ya kulabu. Mkoba mmoja ulimeza juala kama 40. Wengine walitucheka, ati wanawake wazima wanaanika takataka kwenye kamba. Lakini mkoba ulikuwa mzuri, hauingii maji, na uliuzwa shilingi 400. Watoto walituletea juala kutoka mtoni na sokoni, nasi tukawapa shilingi 5 kwa fungu. Leo tukiiandika shilingi hiyo 5 hatuoni fahari.

Mapema 2017 serikali ikatangaza kwamba mifuko ya plastiki itapigwa marufuku baada ya miezi 6. Mkutano wa wiki ile haukusahaulika. Mwenzetu mmoja, tena aliyefuma kutushinda sote, alisimama akasema: zikipigwa marufuku zitaadimika, mikoba yetu itapanda bei, tununue sasa tuweke akiba. Wengine wakasema tuache kabisa, tutafute kitu kingine. Tulibishana mpaka magharibi. Mwishoni tulipiga kura ya mikono, na upande wa kununua ukashinda. Tukatoa sandukuni shilingi 36,000. Tulinunua juala kwa magunia, nyingine kutoka kwa watu ambao mwaka uliopita walikuwa wakizitupa bure, na sasa kila mmoja alikuwa na bei yake mdomoni.

Tarehe 28 Agosti 2017 sheria ikaanza. Faini ilifika shilingi milioni 4, au kifungo hadi miaka 4. Nani angesimama mbele ya askari aanze kumweleza tofauti ya juala ya kubebea nyama na juala ya kufumia mkoba? Magunia yalihamishwa kutoka chumba hiki hadi kile, chini ya vitanda, usiku usiku kama chang'aa. Mwenye duka mmoja mjini alikuwa amechukua mikoba 45 kwa mkopo. Tulipokwenda kudai alituambia bidhaa hiyo ni haramu na hawezi kuilipia. Tulipochungulia rafuni, haikuwepo hata mmoja. Alikuwa ameshaiuza yote. Mwishowe magunia tuliyakabidhi kwa chifu, tukarudi nyumbani mikono mitupu.

Je, marufuku ilikuwa mbaya? Hapana. Aliyeishi Majengo kabla ya 2017 anakumbuka mitaro ilivyoziba na maji yalivyoingia vyumbani. Sheria ilikuwa na haki, na sisi tukapata hasara, mambo yote mawili ni kweli. Kosa letu lilikuwa kudhani mabaki hayaishi. Tulijenga nyumba juu ya kitu ambacho kila mtu alikuwa akiomba kiondoke.

Lililotuuma zaidi ya pesa ni mwenzetu yule. Maneno yalikuwa mengi: ndiye aliyetuponza, ndiye alipe. Akaacha kuja, na mwaka uliofuata akahama mtaa. Mama, kama kitabu hiki kitakufikia, daftari la mkutano ule bado lipo. Mikono iliyoinuliwa upande wako ilikuwa 9, na mingine ya hao 9 ndiyo iliyoandika ukurasa huu. Akiba yako ya mwanzo haikuguswa. Iko sandukuni kwa jina lako.

Tuliobaki tulikuwa 8. Hapo ndipo tulipovikumbuka vile vipande vya Gikomba. Mafundi cherehani walifurahi tulipokuja na mifagio, maana tuliwasafishia. Tukashona mablanketi ya viraka, vishikio vya sufuria, mikeka ya mlangoni, foronya za mito ya viti. Aprili 2020 barakoa zilipokuwa lazima kwa ajili ya korona, tulishona za kitambaa usiku na mchana, na sanduku likarudi lilivyokuwa kabla ya 2017. Wanachama nao wakaongezeka, leo tuko 23.

Lakini debe likajirudia. Vikundi vingine viliona, vikaja na mifagio yao. Gunia la vipande lililokuwa la bure likawa shilingi 20, baadaye 50, sasa halishuki 150, na fundi anakuchagulia vipande vikubwa auze kando. Wengine wetu walikasirika. Mweka hazina akawauliza: sisi tulipopata mnunuzi wa blanketi, tulimpa bure?

Kuna dada wa hapa Nairobi, Nzambi Matee, mwenye kampuni iitwayo Gjenge Makers. Anachanganya plastiki na mchanga kutengeneza matofali ya kutandika njia, na mwaka 2020 Umoja wa Mataifa ulimtuza kama mmoja wa Mabingwa Vijana wa Dunia. Tuliposoma habari zake hatukuangalia tuzo kwanza, tuliangalia plastiki anaipataje. Nyingine alipewa na viwanda bila malipo, nyingine aliinunua. Basi hata mkubwa hesabu yake ni hii hii: hadi lini cha bure kitakuwa cha bure?

Tangu hapo tumekuwa na desturi moja, hatuingizi pesa ya kikundi katika mabaki yoyote kabla hatujaandika daftarini maswali 2: yatakatizwa na nani, na yakianza kuuzwa bado tutapata faida? Desturi hii imetuzuia kuingia biashara 2 ambazo wenzetu wa mtaa wa pili waliingia wakajuta. Pia imetuchelewesha katika moja ambayo ingetufaa, tusiseme uongo.

Bado kuna deni moja. Wanaotuletea vipande sasa ni vijana wenye mikokoteni, na kinamama 2 wazee wanaozunguka vibandani kabla hakujapambazuka. Tunawalipa kwa gunia, na gunia hulijaza wao, hulipima sisi. Mwanachama mmoja, aliyewahi kutuletea juala kwa shilingi 5 alipokuwa mtoto wa shule, ameleta hoja tununue mizani na tuwalipe kwa kilo, na wale kinamama 2 waingizwe kikundini bila kiingilio. Mizani itatoka katika pesa ya sherehe hii. Wapo wanaosema keki ipunguzwe, wapo wanaosema hapana, miaka 10 haiji mara mbili. Kura itapigwa Jumapili ya kwanza baada ya sherehe, saa 9 alasiri, mahali petu pa kawaida.